Akiki na Jogoo wa Bugembe

Kabla hujaniuliza jiwe ni la bei gani, liguse kwanza na mdomo. Usilimeze, liguse tu. Akiki ya kweli ni baridi, na hukaa na ubaridi wake hata ukiishika. Kioo hupata joto haraka, na plastiki ndiyo haina aibu kabisa, inapata joto kabla hujamaliza kuiuliza habari zake. Siku hizi nawaona vijana wakilipiga jiwe picha kwa simu, wanaituma huko wanakoituma, halafu wanakaa kungoja jibu, na jiwe lenyewe wamelishika mkononi. Midomo mnayo, wajukuu zangu. Itumieni na kwa kazi nyingine zaidi ya kula na kubishana.

Mimi ni Hadija, ingawa Jinja ni wachache wanaonijua kwa jina hilo. Kwetu Mpumudde naitwa Senga. Ndugu zangu wamezaa mabinti wengi, mimi ni shangazi yao wote, na huku kwetu shangazi, yaani senga, ndiye anayemfunda binti kabla hajaolewa na ndiye anayelaumiwa ndoa ikiharibika. Hiyo ni kazi yangu ya ukoo. Kazi yangu ya mkate ilikuwa kukata na kung'arisha mawe ya pete, katika karakana iliyo nyuma ya duka la sonara mmoja Mhindu mjini Jinja, tuliyemwita Kanti Bhai. Nimeifanya mpaka macho yakaomba ruhusa ya kupumzika, nikayapa.

Mnaniuliza akiki ni nini. Akiki ni jiwe la mistari, lakini mistari yake imejificha ndani. Ukilikuta shambani hutaligeukia mara mbili, lina sura ya kiazi kilichosahauliwa chini ya kitanda. Huko juu ya Mbale, kwenye miteremko ya mlima, mtu anapalilia migomba yake, jembe linagonga kitu kigumu, anakitukana na kukitupa kando. Mara nyingine ndiyo yenyewe.

Mlima ule zamani ulikuwa wa moto. Uji wa mawe ulipomwagika ulikuwa na mapovu, na ulipopoa yale mapovu yakabaki kuwa matundu ndani ya mwamba. Maji yakapenya polepole, yamebeba kile kile kinachotengeneza mchanga mweupe na kioo, yakaacha utando mwembamba kwenye ukuta wa tundu. Yakaja mengine, yakaacha mwingine juu yake. Chukua birika kuukuu la mama yako utazame ndani: ule ukoko unaoshika kidogo kidogo kila chai inapochemka ndio mambo yenyewe, ila birika la mlima limechemka kwa miaka ambayo siwezi kuihesabu na sitajaribu. Maji yakipita na kutu ya chuma, mstari huwa mwekundu au wa kahawia. Yakiwa safi, huwa mweupe au kijivu. Tundu hujaa kuanzia nje kwenda ndani, kwa hiyo mstari wa katikati kabisa ndiye kitinda mimba. Na kama maji yalichoka njiani, unakuta katikati kuna pango dogo lenye chembe zinazometameta.

Kwa sababu hiyo hakuna akiki mbili zinazofanana mistari. Lishikeni hilo, litawafaa mbele.

Siku niliyoanza kazi, niliona maji yakidondoka juu ya gurudumu la kusagia, tone, tone, tone. Nikasema moyoni, jamani hawa watu ni matajiri lakini bomba lao bovu. Nikalifunga kwa nguvu. Jiwe la kusaga hugandishwa kwenye kijiti kwa lakiri, ile nta ngumu ya kupigia mihuri, ili vidole visiingie kwenye gurudumu. Nikawasha mashine, nikasaga kwa bidii ya mtu anayetaka kusifiwa. Bila maji jiwe likapata moto, lakiri ikayeyuka, jiwe likaruka kupita sikio langu na kutua ndani ya dengu za Kanti Bhai, ambaye alikuwa ameinua kijiko.

Hakukasirika. Huyo mzee alikuwa hajui kukasirika haraka, alikuwa na njia mbaya zaidi, alikuwa anahuzunika. Alilitoa jiwe kwenye dengu, akalifuta, akanionyesha ufa.

"Dikri," akasema, maana aliwaita mabinti wote hivyo kwa Kigujarati chao, "hiyo maji haivuji. Hiyo maji ndiyo kazi. Bila maji jiwe inapasuka, na wewe unakula vumbi, kifua inakufa."

Sikufunga tena bomba la mtu. Na nyinyi mnaonunua mashine ndogo za kusagia mkazitumia kavu chumbani kwenu, vumbi la akiki likikaa kifuani halitoki kwa maziwa wala kwa maombi. Wekeni maji, fungeni pua.

Kingine mjue: akiki inakunywa. Ni ngumu, kisu cha chuma hakiikwaruzi, na yenyewe inaweza kukwaruza kioo cha dirisha, lakini kati ya mistari yake kuna vitundu vidogo jicho haliwezi kuviona. Mistari mingine inakunywa sana, mingine haigusi tone. Wateja wetu wa Kihindu walikuwa wakitaka akiki nyeusi tii, na weusi wa namna hiyo mlima hauutoi kirahisi. Basi Kanti Bhai alikuwa akiyaloweka mawe ya kijivu kwenye maji ya sukari kwa majuma mazima, kisha anayatia kwenye asidi kali. Ile asidi inaichoma sukari ndani ya jiwe, mistari iliyokunywa inageuka mkaa, na isiyokunywa inabaki myeupe. Unapata nyeusi na nyeupe zimetengana vizuri. Ya asidi aliifanya mwenyewe, uani, sisi wote tumefukuzwa. Msijaribu.

Sukari yenyewe ndiyo iliyotuletea vituko. Tulikuwa na askari wa mlangoni, mzee aliyewahi kuwa jeshini, tukimwita Afande. Afande aliamini kwamba kila kitu kilicho ndani ya sufuria ni chakula mpaka ithibitishwe vinginevyo. Asubuhi moja akakuta sufuria ya maji matamu pembeni ya jiko la mkaa, akatia majani, akachemsha, akatuletea sote. Ilikuwa chai nzuri, siwadanganyi. Kanti Bhai alikunywa kikombe kizima, akaomba cha pili, na ndani ya hicho cha pili jiwe likamgonga jino.

"Afande," akasema taratibu, "hii chai umepika na nini?"

"Maji iko pale, bwana. Nilikuta tayari imewekwa sukari. Nikasema leo Mungu amekumbuka askari."

Mawe yale yalitoka rangi ya chai na yakabaki hivyo. Tuliyauza kwa Mkenya mmoja aliyekuwa akipita na mzigo wake kwenda na kurudi, akatusifu kwa Kiswahili kizuri sana kwamba hajapata kuona akiki ya rangi hiyo Afrika Mashariki nzima. Kanti Bhai alimwambia ukweli, mbele yangu. Mkenya akacheka, akasema "Mzee una utani", akayachukua yote.

Kazi za akiki ni nyingi kuliko pete. Nimekata punje za tasbihi kwa masheikh, nimetengeneza ncha za kusugulia dhahabu, maana sonara akisugua dhahabu kwa akiki inang'aa bila kukwaruzika. Niliwahi kutengeneza kinu kidogo na mchi wake kwa watu wa maabara, wao wanakipenda kwa sababu akiki haichakai ikachanganyika na dawa wanayosaga. Lakini riziki yetu ilitoka kwenye pete. Waislamu wanaipenda nyekundu, Wahindu nyeusi, na vijana wa siku hizi wanataka ile inayofanana na ya msanii fulani. Mimi nilimkatia kila mtu anachotaka, imani yake nikamwachia mwenyewe.

Sasa nije kwa jogoo, maana najua wengine mmekaa hapa kwa ajili ya huyo.

Binti wa kaka yangu, Rehema, alipata mchumba wa Mbale, kijana mpole anaitwa Swaleh, mwalimu wa hesabu. Kaka yangu hakuwa na neno. Mimi sikuwa na neno. Swaleh alikuwa na neno moja tu, Rehema, na alilitumia kutwa. Mwenye maneno alikuwa bibi yake Swaleh, ambaye kwa Kimasaba chao wanamwita Kukhu. Kukhu Zulaika wa Nkoma, hukohuko Mbale, mwembamba, mgongo umenyooka, na macho yanayokuhesabu mifupa. Huyo mama hakumtaka Rehema. Sababu zilikuwa zinabadilika: mara mabinti wa Jinja wanacheka ovyo, mara Rehema anatembea haraka sana, mara vidole vyake ni vyembamba havitaweza kumenya matooke ya watu wengi. Alikuwa anatafuta sababu moja nzito itakayowanyamazisha wote.

Kukhu alikuwa na pete ya marehemu mume wake. Fedha nzito, na juu yake akiki nyekundu ya kuiva, yenye mstari mmoja mweupe uliopinda pembeni kama kiwiko cha mtu anayejitetea. Kila mwanamume wa nyumba ile huivaa siku anayooa, kisha anamrudishia Kukhu. Na alikuwa ametangaza mbele ya ukoo kwamba atakayeipoteza pete ile amejitoa mwenyewe katika familia. Jiwe lilikuwa limelegea kwenye kikombe chake, pale fedha inapolishika, kwa hiyo Rehema alipokwenda Nkoma kuwasalimu, Kukhu akamtia ile pete mkononi.

"Senga yako si ndiye fundi? Peleka, akaze hii jiwe. Kisha tutaona."

Rehema aliniambia kwamba hayo maneno mawili ya mwisho yalimfuata njia nzima mpaka Bugembe.

Alipofika Bugembe kwao, badala ya kuja kwangu moja kwa moja, akakaa uani kumwonyesha mama yake pete. Akaigeuza ili mama aone kiwiko cheupe. Jiwe likadondoka. Na uani palikuwa na majogoo ya sherehe, kaka yangu ameyanunua kwa mfugaji mmoja, yote mekundu, yote na mkia mweusi, yote na kiburi kilekile. Jogoo mmoja akaliona jiwe kabla ya Rehema. Akalidonoa, akalimeza, akaendelea na safari zake.

Rehema alikuja karakana na boda boda, kitambaa kimekaa shingoni badala ya kichwani, na mkononi pete tupu kama pengo la jino lililong'oka.

"Senga, mimi nimekwisha. Jiwe ya Kukhu, kuku imekula."

"Kuku gani?"

"Sijui! Nilikimbiza, ikaingia kwa wenzake. Zote ziko sawasawa!"

Nilikasirika, sitawaficha. Nikamwambia maneno ambayo senga hapaswi kumwambia binti, na mengine ambayo binti hapaswi kujua kwamba senga anayajua. Kisha nikamletea maji. Alikuwa anampenda yule kijana, jamani. Alimpenda kabisa, na alijua kwamba Swaleh hatathubutu kumpinga bibi aliyemlea.

Afande, aliyekuwa amesogea kusikiliza bila kualikwa, akapendekeza tuwapeleke majogoo hospitali wapigwe picha ya ndani. Nikamuuliza atawapanga kwenye foleni gani, ya wajawazito au ya mifupa. Akasema ya mifupa.

Kanti Bhai yeye hali nyama, wala yai. Kila nilipotaja firigisi alifumba macho. Lakini jambo lilikuwa la jiwe, na jiwe lilikuwa dini yake ya pili, kwa hiyo akajikaza.

"Haitavunjika," akasema. "Kisu inashindwa, kuku itaweza? Lakini huko ndani, huko... huko kwa kuku, kuna mchanga. Kuku hana meno, anasaga na mchanga. Mchanga na akiki ni ndugu, ugumu moja. Itapoteza kung'aa kidogo. Mistari itabaki."

"Na itatoka?"

"Kuku anapenda jiwe ngumu. Anaweka." Akafumba macho tena. "Dikri, tafadhali, sasa tuongee kitu ingine."

Mtasema, si mngechinja wote siku hiyohiyo? Mngemjua kaka yangu hamngesema. Alikuwa akiwahesabu majogoo wale kila asubuhi kama afande wa gereza, na akijua siri saa nne, Iganga wanaijua saa tano. Sherehe ilikuwa karibu. Ilibidi tungoje siku ya kuchinja, na mimi nihakikishe kila firigisi inapita mikononi mwangu.

Ila niliogopa pia kwamba jogoo anaweza kufa, kuibwa, au kulitoa jiwe kichakani. Basi nikafungua droo ya mawe mabichi nikatafuta akiki nyekundu inayokaribia ile. Nilipata moja kutoka huko juu ya Mbale, rangi ilikaribia, mistari ikakataa. Niliigeuza kila upande nikitafuta kiwiko. Kukawa na mstari mnyoofu tu, wa heshima zake. Niliikata, nikaisugua kwa msasa wa chembe kubwa kisha wa chembe ndogo, nikaing'arisha kwa kipande cha ngozi mpaka ikanionyesha pua yangu, nikaiweka kwenye pete. Ilikaa vizuri.

Nikampa Rehema, nikamwambia, "Hii ni akiki halali, haina uongo ndani yake. Uongo ukiwepo utatoka kinywani mwako, na huko mimi sina gurudumu. Utasema nini, ni shauri lako."

"Wewe ungesema nini, Senga?"

"Mimi siolewi," nikamjibu, nikaondoka haraka kabla hajaniuliza tena.

Siku ikafika. Asubuhi, majogoo yakachinjwa, nikafunga leso kiunoni, nikavuta kigoda na beseni, nikatangaza kwamba firigisi zote ziletwe kwangu. Wanawake wa Bugembe walicheka mpaka wakashika mbavu. Fundi wa vito leo anaosha firigisi! Nikawaambia kila mtu ana nadhiri yake.

Firigisi unaipasua kwa upande, unamwaga uchafu wake, unamenya ngozi ya ndani ya manjano, ndipo unaosha. Mimi nilikuwa namwaga ule uchafu kwenye beseni, nausuuza, na kila kijiwe nakiangaza kwa tochi ya simu. Akiki inapitisha mwanga kidogo pembeni, kokoto za barabarani hazipitishi. Nilikuwa nimekwisha kuangaza kokoto nyingi, na kipande cha chupa, na kifungo cha shati, wakati kivuli kiliponiangukia.

"Mulembe," sauti ikasema. Hiyo ndiyo salamu yao.

Kukhu Zulaika alikuwa amefika mapema kuliko wageni wote, kuja kukagua jiko la watu. Akavuta kigoda, akakaa ubavuni mwangu, akachukua kisu.

"Kukhu, wewe ni mgeni, tafadhali pumzika ndani," nikasema.

"Nimepumzika Mbale." Akapasua firigisi moja kabla sijameza mate. Alikuwa mwepesi kunizidi. "Weye unatafuta nini kwa uchafu ya kuku, na tochi?"

"Naangalia... naangalia kama kuku wako na ugonjwa."

"Ugonjwa ya mawe?"

"Iko moja, imeingia siku hizi."

Akachukua firigisi nyingine. Tukapasua, tukaosha. Mimi nilijitahidi kuvuta uchafu wake upande wangu kila alipoumwaga, naye aliniachia, mara nyingine hakuniachia. Baadaye kidogo akaosha mikono, akasema anakwenda kutia udhu. Nikabaki na beseni. Nikamaliza firigisi ya mwisho, nikasuuza, nikaangaza, nikarudia kila kokoto tangu mwanzo. Hakuna. Nilimtafuta Rehema chumbani walikokuwa wakimvisha, nikatikisa kichwa. Hakulia. Alitazama pete iliyokuwa kidoleni mwake, ile yenye jiwe langu, akafunga ngumi.

Wageni wakafika, hema likajaa, wanaume upande mmoja na wanawake upande mwingine. Kabla ya nikahi binti hutoka kuwasalimu wakwe, anapiga magoti mbele yao, ndiyo desturi. Rehema akatoka na wenzake, akapiga magoti mbele ya Kukhu, akasalimu.

"Pete," Kukhu akasema. Mkono ukanyooshwa. Hata wale wa kupanga soda wakaacha chupa zao wakageuka.

Rehema akaivua, akamwekea kiganjani. Kukhu hakuitazama. Alimtazama Rehema.

"Senga yako amekaza jiwe?"

Hapo nilisimama nyuma ya mabinti nikiwa sijui naomba nini. Angesema ndiyo, neno moja tu, na jiwe lilikuwa limekazwa kweli. Nilimwona anavuta pumzi.

"Kukhu, hii jiwe siyo ile. Ile jiwe imemezwa na jogoo, hapa nyumbani. Nilikuwa nachezea pete, ikaanguka. Senga amenikatia hii ingine kwa heshima yako, lakini siyo ile. Nimeipoteza mimi."

Kaka yangu akasema "Eh!" kwa sauti ambayo Iganga waliisikia bila msaada wa mtu. Swaleh akasimama, akataka kusema, wajomba wakamvuta akae, akakataa kukaa.

Kukhu akainua mkono wa pili. Akashika pindo la leso yake, pale wanawake tunapofunga hela zetu. Akafungua fundo polepole, na kutoka ndani akatoa jiwe jekundu. Lilikuwa limepauka kidogo, jogoo alikuwa amelifanyia kazi. Kiwiko cheupe kilikuwepo mahali pake.

"Hii nimeitoa kwa firigisi asubuhi," akasema. "Nikasema, kimya. Nitakaa nayo nione nani wa nyumba hii ataniambia." Akageuza shingo mpaka akanipata nyuma ya wale mabinti. "Senga aliniambia kuku iko na ugonjwa."

Hema likapasuka kwa kicheko. Nikacheka pia, ningefanya nini, na machozi yalikuwa yananitoka na sikujali nani anaona. Rehema alikuwa bado amepiga magoti, hajui kama amesamehewa au amefukuzwa.

Kukhu akamgeukia binti mmoja aliyekuwa anapanga sahani. "Nenda jikoni. Kwa sufuria iko firigisi moja nimefunga uzi nyeusi, ile ilikuwa na hii jiwe. Lete."

Lazima niwaeleze, nyinyi mliokulia kwenye kuku wa kununua vipande. Huku kwetu firigisi si nyama tu. Anapewa mkubwa wa wanaume, mgeni wa heshima, na zamani mwanamke hata kuigusa kwa meno alikuwa hawezi. Mjomba mkubwa wa Swaleh alikuwa amekaa mbele tangu asubuhi akiijua haki yake. Sahani ilipoletwa akajiweka sawa, akakunja mkono wa kanzu.

Kukhu akampita na ile sahani. Akainama mbele ya Rehema, akakata ule uzi kwa meno yake mwenyewe, akasema, "Kula, mwanangu. Hii ni yako."

Mjomba akaukunjua tena ule mkono wa kanzu. Na Rehema wetu, akiwa magotini, mbele ya hema zima, akaitia firigisi mdomoni, akaanza kuitafuna polepole sana.